Bango Linasema Miaka Kumi na Miwili

DAMODARAN: Haloo? Haloo, nani huyo? Namba ya ng'ambo hii.

ROHINI: Ni mimi, kaka. Rohini.

DAMODARAN: Aa! Mdogo wangu! Mbona namba ngeni?

ROHINI: Simu ya mwenye nyumba. Hamjambo huko?

DAMODARAN: Hatujambo kabisa. Sema kwa nguvu, hapa wanajaribu maspika... [mlio mkali] ...We! Punguza hiyo! Utatutoboa masikio! Haya, nakusikia. Muscat salama? Bibi unayemuuguza anaendeleaje?

ROHINI: Amelala. Kaka, Midhun yuko wapi?

DAMODARAN: Mwanao yupo, anapumzika. Leo tuna shughuli kubwa hapa Cheruvathur, sikukuu ya hekalu. Jioni bado kabisa na uwanja umeshaanza kujaa. Kina mama wameleta mikeka tangu saa sita, wote wanamngoja yeye aimbe.

ROHINI: Anakula?

DAMODARAN: Kama mchwa.

ROHINI: Na dawa za mganga wetu, vaidyan?

DAMODARAN: Anakunywa.

ROHINI: Ile ya kuchemsha?

DAMODARAN: Kila asubuhi kabla ya chai. Anakunja uso kama kala ndimu, lakini anameza.

ROHINI: Na samli chungu?

DAMODARAN: Na samli. Rohini, umenipigia toka Uarabuni unihoji kama polisi?

ROHINI: Na mafuta ya kuchua mwili?

DAMODARAN: Namchua mwenyewe. Kwa mikono yangu hii.

ROHINI: Hiyo hiyo?

DAMODARAN: Hiyo hiyo.

ROHINI: Ikatike.

DAMODARAN: Unasema? Mtandao unakwaruza, siku...

ROHINI: Nimesema mikono hiyo ikatike, Damodaran.

DAMODARAN: Leo umeamka na nini wewe?

ROHINI: Vaidyan Kunjambu kanipigia. Yeye mwenyewe, kutoka Payyannur. Mzee wa watu hata kupiga simu za nje hajui, kamwomba mjukuu wake ambonyezee. Anasema dawa ya Midhun mara ya mwisho ilichukuliwa kabla ya sikukuu ya Onam. Onam, Damodaran! Sasa hivi watu wanavuna korosho, nusu mwaka umepita!

DAMODARAN: Ngoja nikueleze.

ROHINI: Unamchemshia nini kila asubuhi? Majani ya chai?

DAMODARAN: Ngoja basi, nikue...

ROHINI: Kila Ijumaa nakuuliza, kila Ijumaa unaniapia kwa Bhagavathi wa nyumbani kwetu kwamba mtoto anakunywa dawa. Umemwapia mungu uwongo!

DAMODARAN: Niliisimamisha! Haya! Niliisimamisha, umefurahi? Samli inaziba koo. Muulize mwimbaji yeyote. Mwimbaji na samli ni kama redio na maji. Ulipompeleka akae kule kwa mzee mwezi wote wa mvua, kanywa, kachuliwa, karudi kanenepa mashavu, sawa, nikashukuru. Jukwaani siku ya kwanza, akaikosa sauti ya juu. Mbele ya watu! Ikamkwama hapa, shingoni!

ROHINI: Alikuwa na mafua. Yalikuwa mafua ya mvua.

DAMODARAN: Wewe ulikuwepo?

ROHINI: Alinipigia mwenyewe. Na nitakwambia aliyoniambia siku nyingine kabla ya hapo, maana wewe mjomba mtu huyajui. Alinipigia kajifungia bafuni pale shuleni, ananong'ona. "Mama, mimi ni mwanamume au ni nini?" Ana miaka kumi na saba! Wenzake wananyoa ndevu, sauti zao nzito, wanasimama kwa wasichana kituo cha basi. Yeye kondakta anamkatia tiketi ya mtoto. Kidevu laini kama yai. Na kwingine kote vile vile. Mama mzazi naambiwa hayo kwa simu, na niko jikoni kwa watu, naosha masufuria, siwezi hata kulia.

DAMODARAN: Wengine huchelewa. Kwenye ukoo wetu...

ROHINI: Nani kwenye ukoo wetu? Mtaje!

DAMODARAN: Marehemu babu wa upande wa...

ROHINI: Mtaje jina!

[ngoma zinasikika kwa mbali]

ROHINI: Ndiyo maana nilimpeleka kwa vaidyan nikiwa likizo. Na ulikuwepo, ulikaa pale kwenye benchi unatafuna tambuu. Si alimshika mapigo ya mkono? Si alimtazama ulimi, akamuuliza kama anapata haja vizuri, kama chakula kinamkalia? Akatuambia mwili unajengwa kwa ngazi saba. Chakula kinakuwa maji ya mwili, yanakuwa damu, damu nyama, nyama mafuta, mafuta mifupa, mifupa uboho, na mwisho kabisa ndiyo mbegu ya uzazi. Ngazi za chini zikikwama, ya juu haipati kitu. Akasema tuanze na tumbo. Apate moto wa tumbo, ale vizuri, choroko nyeusi, ufuta, maziwa yenye mzizi wa kutia nguvu, alale mapema. Mapema! Wewe ukamtembeza kwenye sikukuu kuanzia Kasaragod mpaka Thrissur, analala ndani ya gari kakunjika kama shati.

DAMODARAN: Anapenda! Hakuna aliyemfunga kamba! Rohini, hujawahi kumsikia jukwaani. Hujawahi. Akianza ule wimbo wa mama na mwanawe kwa sauti ile ya kike, uwanja mzima unanyamaza, hata wauza karanga wanaacha kuita. Nimeona polisi analia.

ROHINI: Analilia mtoto wa miaka kumi na miwili.

DAMODARAN: Unamaanisha?

ROHINI: Bango lenu nimeliona, watu wanalirusha kwenye simu. "Midhun, mtoto wa ajabu, miaka kumi na miwili." Umemvalisha na kikaptula.

DAMODARAN: Hilo ni la biashara tu. Mpiga chapa ndiye...

ROHINI: Umemnyang'anya mwanangu miaka mitano ya umri wake! Na kila asubuhi unasali mwili wake ukubaliane na bango!

DAMODARAN: Usinitu... [mlio wa kukwaruza] ...nisikia? Halo?

ROHINI: Usinikatie! Ukinikatia naku...

[simu inakatika]

[simu inaita]

DAMODARAN: Sikukata mimi! Ni mtandao!

ROHINI: Sogea mbali na hayo maspika.

DAMODARAN: Nimesogea. Niko nyuma ya jukwaa, kwenye uzio wa makuti. Sasa na mimi nisikilize. Wewe unaniita mwizi. Mumeo alipokufa, nani alikupokea? Ulipopanda ndege, nani alibaki na mtoto anayekojoa kitandani? Nani alimfuta kamasi? Nani alimfundisha kuhesabu mapigo kwa kugonga goti? Wewe ni mama wa simu, Rohini. Mama wa Ijumaa.

ROHINI: Rudia.

DAMODARAN: Sikukusudia...

ROHINI: Ulikusudia. Basi na iwe hivyo, mimi mama wa Ijumaa. Na wewe mjomba wa siku zote umemfanyia nini?

DAMODARAN: Nimemlinda! Hujui! Ulikuwa mdogo wewe, hukumbuki. Na mimi niliimba. Kwenye kundi la mzee Chathukutty, nilikuwa mbele, watu wananirushia maua. Sauti iliniondoka kama mtu kazima taa. Nilipanda jukwaani nikafungua mdomo, ukatoka mlio wa bata. Watu walicheka, Rohini. Kesho yake mzee akaniambia, basi wewe kabebe ngoma. Nimebeba ngoma hadi leo. Sikutaka yampate.

ROHINI: Ikakuondoka sauti, ukapata nini?

DAMODARAN: Nikapata nini? Sikupata kitu!

ROHINI: Ulipata ndevu. Ukapata mke. Una mabinti wawili wanakuita baba. Hayo ndiyo maradhi uliyomkinga mwanangu?

DAMODARAN: Sawa. Nitamrudisha kwenye dawa. Msimu ukiisha tu, namrudisha kwa mzee akae naye hata miezi. Neno langu hilo.

ROHINI: Neno lako limeoza. Na hapo bado sijafika nilikokuwa nakwenda. Hilo la dawa ningelimeza, ningekutukana nikalala. Hukumpeleka kwa vaidyan tena juzi Jumatatu?

DAMODARAN: ...Kakwambia?

ROHINI: Ulimpeleka kwa nini?

DAMODARAN: Kichwa. Kichwa kilikuwa kinamgonga, nikataka yale mafuta ya kupaka utosini.

ROHINI: Vaidyan akakwambia nini?

DAMODARAN: Unamjua mzee, maneno mengi...

ROHINI: Akakwambia nini, Damodaran!

DAMODARAN: Alisema akapigwe picha.

ROHINI: Picha ya nini?

DAMODARAN: Ya kichwa.

ROHINI: Lini?

DAMODARAN: Alisema mapema. Mapema mapema hivi.

ROHINI: Alisema siku hiyo hiyo! Alisema, "Mpakie kwenye gari mpeleke hospitali kubwa ya Mangalore, usipite hata nyumbani." Alisema asipewe tone lolote la dawa yake tena, maana hili si la dawa yake. Kuna kitezi kidogo kama punje ya choroko, kiko chini ya ubongo, nyuma ya macho. Hicho ndicho kinaamrisha mwili ukue. Kuna kitu huenda kimeota pale kinakibana. Ndiyo maana hakui. Ndiyo maana kichwa. Alikueleza hayo yote, na ukaitikia, "Ndiyo, bwana vaidyan," ukamshika miguu akakubariki, ukatoka ukampeleka mtoto mazoezini!

DAMODARAN: Alisema huenda! Neno lake lilikuwa huenda! Huyo ni mzee wa mizizi, anajuaje ya ndani ya kichwa?

ROHINI: Sasa ni mzee wa mizizi? Alipokuwa anatibu mgongo wako ukamwita mungu mdogo?

DAMODARAN: Nilisema baada ya leo! Leo tu! Kamati wameshaweka mabango mpaka kituo cha treni. Nilisema namaliza Cheruvathur, kesho kutwa nampeleka. Naapa kwa...

ROHINI: Usiape! Usimtaje mungu yeyote! [anashusha sauti] Sasa hivi yuko wapi? Umesema anapumzika. Wapi?

DAMODARAN: Ndani ya gari.

ROHINI: Saa kumi ya mchana, jua lote hilo, ndani ya gari?

DAMODARAN: Kivulini! Nimemfungulia milango. Nimemwekea kitambaa cha maji usoni.

ROHINI: Kitambaa cha nini?

DAMODARAN: Mwanga unamsumbua kidogo. Na alitapika pale kwenye kibanda cha chai. Alikula parotta na mchuzi, mafuta mengi, nilimkataza...

ROHINI: Alitapika saa ngapi?

DAMODARAN: Asubuhi. Siku hizi hutapika asubuhi, halafu anakuwa sawa.

ROHINI: Siku hizi, Damodaran?

DAMODARAN: Nilidhani ni woga wa jukwaa.

ROHINI: Na maji? Vaidyan kaniuliza, mtoto anakunywa maji kiasi gani?

DAMODARAN: Anakunywa kama ng'ombe. Tunasimamisha gari kila mara akojoe, wenzake wanamtania. Kwani hilo nalo...?

ROHINI: Nenda kwenye gari.

DAMODARAN: Rohini, mwenyekiti wa kamati ananiita...

ROHINI: Nenda kwenye gari ukiwa na mimi sikioni. Usikate. Usimpe simu. Akinisikia atasema yuko mzima, na mimi nikimsikia nitaanguka hapa jikoni. Nenda.

[nyayo kwenye mchanga; mtu anamwita Damodaran, "Damuettan! Damuettan!"]

DAMODARAN: Nakuja! Ngoja kwanza! ... Haya. Nimefika. Midhun. Midhun, mwanangu, umeamka? Hapana, usiinuke. Ni simu tu, ya mtu wa kamati. Kichwa je? ... Anasema kimepoa.

ROHINI: Mwambie akae, atoe kitambaa.

DAMODARAN: Kaa kidogo. Hivyo. Sasa?

ROHINI: Simama mbele yake. Mwambie akutazame puani, asigeuze kichwa wala macho. Vaidyan alimfanyia hivi wakati wewe uko nje unavuta beedi.

DAMODARAN: Midhun, nitazame pua. Usicheke. Nitazame pua tu. ... Ananitazama.

ROHINI: Sasa nyoosha mkono, uweke ubavuni mwa kichwa chake, usawa wa sikio. Mbele kidogo ya sikio. Chezesha vidole.

DAMODARAN: Nachezesha.

ROHINI: Muulize anaviona.

DAMODARAN: Unaona vidole vyangu? ... 

ROHINI: Kasemaje?

DAMODARAN: Ngoja. Nahamia upande wa pili.

ROHINI: Kasemaje, kaka?

DAMODARAN: Ngoja, nimesema!

ROHINI: Kaka?

DAMODARAN: Anacheka.

ROHINI: Anacheka nini?

DAMODARAN: Anasema, "Mjomba, inua basi huo mkono, nangoja."

ROHINI: Na umeinua?

DAMODARAN: Nimeinua, Rohini. Nimeinua yote miwili.

[spika zinajaribiwa tena: moja, mbili, moja, mbili]

ROHINI: Tangu lini? Tangu lini haoni pembeni, anajigonga kwenye milango, na nyie mnamcheka?

DAMODARAN: Aliangusha kipaza sauti wiki iliyopita. Nilimzaba kofi. Nilidhani ana uzembe. Rohini, nilimzaba kofi.

ROHINI: Yuko wapi dereva?

DAMODARAN: Yule pale, anakunywa chai.

ROHINI: Mwite.

DAMODARAN: Rohini...

ROHINI: Mwite!

DAMODARAN: Wewe! Wewe, acha hicho kikombe! Shusha ngoma zote, weka chini, popote! Zishushe hapo kwenye mchanga! Tunakwenda Mangalore. ... Ndiyo, sasa! Si umenisikia? ... Rohini, mwenyekiti huyu hapa anakuja. Watu wameshajaa.

ROHINI: Mwambie kuna mgonjwa.

DAMODARAN: Hatanielewa, ana... Bwana mkubwa, nisamehe. Hapana. Hapana, haimbi. Hata wimbo mmoja. Bwana, nitoe njiani. Nitukane, nipige mbele ya watu, lakini nitoe njiani! ... Nani? Mtamwita nani mtajua wenyewe! ... Bango? Lichane! Ana miaka kumi na saba huyu! Kumi na saba! Niliwadanganya!

[mlango unabamizwa, gari linawaka]

ROHINI: Mmetoka?

DAMODARAN: Tunatoka. Watu wanapisha. Wanagonga gari, sijui wanasema nini.

ROHINI: Sikiliza vizuri. Mkifika usimwambie daktari ana kichwa tu. Sema yote. Umri wake wa kweli. Kutapika. Maji. Macho. Sema hajabaleghe. Usione haya kulitamka, litamke hivyo hivyo. Vaidyan anaondoka Payyannur na treni ya jioni, atawakuta hapo hospitali, anataka kuwaeleza madaktari mwenyewe alichompa na alipoacha. Mimi nimepata ndege ya kesho. Mwenye nyumba kaninunia lakini kakubali.

DAMODARAN: Sawa. Sawa. Mdogo wangu, mimi...

ROHINI: Usiniite hivyo leo.

DAMODARAN: Naomba tu...

ROHINI: Usiombe kwangu. Mshike kichwa, barabara ina mashimo.

DAMODARAN: Nimemlaza mapajani.

ROHINI: Mshike vizuri!

DAMODARAN: Nimemshika, kwa mikono yote. Ni mwepesi, Rohini. Sikuwa nimeona alivyo mwepesi.

[mlio wa kukwaruza]

ROHINI: Nani anaongea hapo?

DAMODARAN: Ni yeye. Anauliza mbona tunageuka, uwanja uko kule. Anauliza nani ataimba.

ROHINI: Mjibu.

DAMODARAN: Nimwambie nini? Nimwambie gari bovu? Nimwambie mvua...

ROHINI: Damodaran.

DAMODARAN: Eeh.

ROHINI: Hiyo simu inalia betri?

DAMODARAN: Imebaki kidogo sana. Inakufa.

ROHINI: Basi kabla haijafa nataka nikusikie. Mwambie ukweli. Ni mtu mzima huyo, mwambie kama mtu mzima.

[gari linanguruma]

DAMODARAN: Midhun. Fumbua macho, mwanangu. Sikiliza. Ile Jumatatu kwa vaidyan, ulipokuwa unavaa viatu nje, aliniambia jambo. Nikakuficha. Mimi mjomba wako nilikufi...

[simu inakatika]